Skrubu Mbili za Orrin Stadler

Nimekaa meza ya pembeni ya Orrin Stadler miaka kumi na minane na sijawahi kumpenda hata siku moja. Naanza na hilo ili asije mtu akasema namsifia. Mimi nauza mikanda na ala za bastola ninazoshona kwa mkono wangu, meza namba arobaini. Yeye alikuwa arobaini na moja. Kila Machi, theluji ya huku Montana inapoanza kugeuka tope, tunapanga meza zetu kwenye ukumbi wa viwanja vya wilaya, ule ule ambao Agosti hufungiwa kondoo wa mashindano, na kwa siku mbili nzima nilikuwa sina pa kukimbilia.

Orrin hakuwa na biashara pale. Aliweka masanduku matatu ya risasi za zamani ili wenye ukumbi wasimsumbue, na katikati ya meza, juu ya kitambaa kizito cha kijani, alilaza raifali moja ya kuwindia. Mbele yake palikuwa na kadi aliyoiandika kwa herufi kubwa: HAIUZWI. USIULIZE. Watu wa maonyesho ya bunduki hawashangai kitu kama hicho. Nusu ya wanaume wanaolipia meza pale wanalipia mahali pa kukaa na kitu kimoja ambacho hawatakiuza mpaka wafe, na nusu nyingine wanakuja kukitazama na kusema changu pia kiko nyumbani.

Raifali yenyewe, lazima niseme kweli, ilikuwa nzuri. Ilitengenezwa na Emmett Rusk, fundi wa hapa hapa bondeni ambaye sasa ni marehemu, mtu aliyekaa na gogo la mjozi miaka saba likikauka kabla hajaligusa na patasi. Rusk hakutengeneza bunduki ya mtu yeyote tu. Ulikwenda karakana kwake, ukavua koti, akakunja mkono wako kama mshonaji, akapima kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kiungo cha kidole cha kufyatulia, halafu akachonga kitako cha urefu huo huo. Bunduki ya Rusk ilimkaa mwenyewe, na mtu mwingine akiishika alijua mara moja kwamba si yake.

Kabla hujaigusa ile ya Orrin, alikukagua.

"Vua saa. Vua pete. Huo mkanda wako una chuma, geuza nyuma."

"Pete haitoki, mzee, nimenenepa."

"Basi itazame. Macho hayana pete."

Aliwatukana watu wazima mbele ya wake zao. Kijana mmoja aliyeleta raifali yake mpya aonyeshe, Orrin aliipokea, akaigeuza, akaiweka chini kama sahani yenye nzi. "Kitako cha plastiki," alisema. "Hii ukimaliza kuwinda unaweza kupalilia nayo." Mimi aliniita Bi Ngozi. Mwaka mmoja alimwambia mteja wangu, mkanda ukiwa tayari kiunoni mwake, kwamba mshono wangu unafaa kamba ya mbwa. Mkanda ule uliachwa juu ya meza yangu. Sijasahau na sikusudii kusahau.

Kilichokuwa kinawavuta watu kwenye meza yake, pamoja na mdomo ule, ni usafi wa ile raifali. Miaka hamsini na chuma bado kina ule weusi wa bluu kama kimetoka kwa fundi jana. Na skrubu. Watu hawa wanaweza kukusamehe kuacha mke, ila si kutumia bisibisi isiyoenea. Bisibisi nyembamba ikiteleza hutafuna mdomo wa skrubu, na skrubu iliyotafunwa huonekana mpaka mwisho wa dunia. Rusk alizikaza zake hivi kwamba kila mfereji ulilala sawa na mtutu, na kwenye kisigino cha kitako, pale panapokaa begani, palikuwa na bamba dogo la chuma lililoshikwa na skrubu mbili, mifereji yake imesimama wima, safi, haijaguswa.

"Hakuna bisibisi iliyowahi kuingia humo tangu Rusk," Orrin aliwaambia. "Mimi sijaingiza. Baba hakuingiza."

Wanaume walivua kofia, nakwambia. Nimemwona mtu aliyemzika mkewe macho makavu akilia kwenye ukumbi ule kwa sababu mpwa wake alikipiga msasa kitako cha babu yao kisha akakipaka vanishi ya makabati. Mtoto alidhani anafanya wema. Alifuta mikwaruzo yote, na babu mwenyewe alikuwa mle kwenye mikwaruzo.

Na hapo ndipo nilipokuwa namshika Orrin, kimoyomoyo. Hadithi yake ilikuwa kwamba baba yake, Walter, aliagiza raifali ile mwaka 1958 na kuwinda nayo miaka thelathini na miwili. Alisimulia dume la kulungu la mwaka sitini na moja, pembe upana wa mlango, Walter akilifuata maili tano kwenye theluji ya mapajani. Alisimulia risasi moja kuvuka korongo zima. Nilizisikia mpaka ningeweza kuzisimulia mimi. Lakini bunduki inayobebwa milimani kila vuli hupauka pale mkono unapoishikia, chuma kikabaki na kijivu cha jasho. Ya Orrin haikuwa na kijivu popote. Kila mtu pale aliliona hilo, na kila mtu akasema, Walter alikuwa mtunzaji. Mimi nilisema moyoni, Walter hajawahi kuitoa nje.

Orrin alikuwa pia na kovu juu ya nyusi ya kulia, lililopinda kama ukucha. Alisema raifali ilimwekea sahihi siku alipopiga akilenga juu mlimani, darubini ikarudi ikamkata. Alilionyesha kwa fahari, kana kwamba ni medali.

Mwaka 2009, Jumamosi, saa nne hivi za asubuhi, alikuja mwanamke mrefu mwenye koti la manjano na mvi zilizokatwa fupi. Hakuangalia meza nyingine yoyote. Alisimama mbele ya arobaini na moja, akaisoma ile kadi taratibu, akavua pete zake mbili na kuzitia mfukoni.

Orrin aligeuka rangi. Nilifurahi sana.

"Lavonne," alisema.

"Bado unajua jina langu. Hiyo ni habari njema."

Nilijua kwamba ana dada. Bonde zima lilijua kwamba hawajasemezana tangu mazishi ya Walter mwaka tisini. Lavonne ndiye aliyemuuguza baba yao miaka sita, akamlisha, akamgeuza kitandani. Siku ya mazishi, watu wakiwa bado kanisani wanakula viazi na nyama baridi, Orrin alitangulia nyumbani. Lavonne alipofika, kabati la chumba cha baba yake lilikuwa wazi na raifali haipo.

"Umekuja kugombana mbele za watu," Orrin alisema.

"Nimekuja kuchukua bunduki yangu. Watu umewaita mwenyewe, miaka yote hii."

"Hii ni ya Baba."

"Baba alinishika mkono wiki aliyokufa akaniambia, raifali ile asipewe Orrin. Hayo ndiyo aliyosema. Hakusema neno jingine siku ile nzima." Aliinamia meza. "Kwa nini aseme hivyo kama si yangu? Mwaka hamsini na nane nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilipiga shabaha kuliko mwanaume yeyote wa nyumba ile. Wewe ulikuwa na kumi na miwili, na ulichopiga peke yake ni kelele."

Watu walishaanza kusogea. Hata muuza soseji na mkate mlangoni akaacha kuita wateja.

"Baba alikuwa mtu wa futi sita na inchi tatu," Lavonne aliendelea. "Weka hicho kitako kwenye mkono wa mtu huyo. Nani ana futi hapa?"

Virgil Tash alikuwa nayo. Virgil ni fundi wa meza ya mbele yetu, mzee mpole ambaye maneno yake huchukuliwa na watu wale kama hukumu, na angependa kuwa mahali pengine popote dakika ile. Alimwangalia Orrin.

"Kupima hakuumizi, Orrin."

"Pima basi."

Virgil alipima kutoka kwenye kifyatulio mpaka kisigino. Alipima tena. "Inchi kumi na mbili na robo," alisema. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mtu wa urefu wa Walter angehitaji karibu inchi kumi na nne.

"Rusk alikosea," Orrin alisema.

"Rusk hakuwahi kukosea robo inchi, sembuse karibu inchi mbili." Virgil alisita, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na hilo kovu lako si la mlima. Kitako kikiwa kifupi, jicho linakaa karibu mno na darubini. Lazima ikukate."

Mtu nyuma alicheka. Na mimi nilicheka, kwa nini niseme uongo. Miaka kumi na minane ya dume la mwaka sitini na moja, na sasa amesimama pale mikono imening'inia.

"Rusk aliandika majina," Lavonne alisema. "Si ndivyo, Virgil? Chini ya lile bamba, kwenye mbao, kwa penseli. Jina na kipimo."

"Aliandika. Yote niliyowahi kufungua yana jina."

"Fungua hii."

Lile likawa jambo jingine. Skrubu zile mbili zilikuwa nusu ya thamani ya bunduki machoni mwao, na Orrin alikuwa ameziapia mbele ya kila mtu aliyewahi kuvua saa mezani pake. Aliweka kiganja juu ya lile bamba.

"Hapana."

"Nikikuta jina la Baba, naondoka na hutaniona tena mpaka unizike au nikuzike," Lavonne alisema. "Nikikuta langu, naondoka nayo. Unaogopa nini? Si unasema ni ya Baba?"

Hapo ndipo mimi nilipofungua mdomo wangu. Hakuna aliyeniuliza. "Fungua, Orrin," nilisema. "Au skrubu zako nazo zinafaa kamba ya mbwa?"

Aliniangalia. Nilitegemea tusi na halikuja. Aliondoa kiganja.

Virgil alileta sanduku lake la bisibisi alizozinoa mwenyewe, akajaribu ya kwanza, akaiacha, akajaribu ya tatu. Iliingia mferejini bila kucheza. Aliegemea kwa uzito wake wote akageuza, na skrubu ya kwanza ikalia kidogo, ikafuata. Mtu mmoja jirani yangu aligeuza uso, kweli kabisa, kama vile watu wanavyofanya daktari akichoma sindano. Ya pili ilitoka kirahisi. Virgil alizipanga kwenye kitambaa cha kijani kwa utaratibu zilivyotoka, akainua bamba.

Mbao chini yake ilikuwa nyeupe, haijaona mwanga tangu Rusk. Maandishi ya penseli yalikuwa wazi kabisa. Lavonne alikuwa karibu zaidi, naye ndiye aliyesoma, na alianza kwa sauti ya ushindi.

"Agosti 1958. Orrin W. Stadler." Sauti ikamwishia. Virgil akamalizia kwa ajili yake. "Miaka kumi na miwili. Inchi kumi na mbili na robo. Baba anasema tuache nafasi ya kuongeza, mtoto anakua."

Nilimtazama Orrin nikitegemea kumwona amekua futi moja. Alikuwa ameshinda, sivyo? Jina ni lake. Badala yake alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Nilidhani ni koti," alisema.

"Koti gani?" Lavonne aliuliza.

"Alinipeleka kwa Rusk nikavua fulana, yule mzee akanipima mkono. Baba akacheka naye. Nilidhani ananipimia koti la baridi. Nilingoja koti mpaka Krismasi."

Lavonne aliweka mkono mdomoni. Alikumbuka, na alilisema kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki hai wa kulisema. "Oktoba ile ndiyo ulikwenda naye mara ya kwanza. Alipompasua kulungu jike ukatapika, ukakaa kwenye theluji ukalia."

"Nililia mpaka garini."

"Bunduki ilikuja Novemba. Nilimwona akiiingiza kabatini. Nikamuuliza ya nani. Akasema, ya hakuna mtu."

Basi kumbe ndivyo ilivyokuwa. Mwanaume yule aliagiza bunduki kwa mtoto wake, akampeleka kupimwa, akacheka na fundi. Kisha mtoto akatapika, naye akaitia kabatini miaka thelathini na miwili akaacha mtoto akue, aoe, azeeke, na kila mara alipofungua kabati kuchukua shati aliiona. Hakuwinda nayo. Hakuiuza. Akiwa anakufa bado alikuwa na pumzi ya kusema asipewe. Na sisi tulikuwa tumevua kofia mbele ya kile chuma kisichopauka tukasema Walter alikuwa mtunzaji. Simjui Walter Stadler na namchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mwanawe.

Orrin aliwageukia watu. "Niliiba," alisema. "Dume la sitini na moja nilitunga. Nilipiga nayo mara moja tu, wiki ya mazishi, ikanikata. Sasa ondokeni mezani kwangu."

Waliondoka. Walirudi polepole kwenye meza zao wakijifanya wanatafuta risasi. Virgil alitaka kurudisha bamba, akasema anaweza kuzikaza zile skrubu mifereji iwe wima kama Rusk alivyoiacha, hakuna atakayejua. Orrin alimwambia aache. Lavonne alivaa pete zake, moja kwenye kidole kisicho chake, akaitoa akaivaa tena. Alizunguka meza, akavuta kiti kilichokuwa upande wangu bila kuniomba, akakaa karibu na mdogo wake. Hawakukumbatiana. Baada ya muda nilimsikia akimuuliza kama kahawa ya ukumbi ule bado ni mbaya vile, naye akasema ni mbaya zaidi.

Jumapili ukumbi ulipokuwa unafungwa, nimeshaanza kufunga ngozi zangu kwenye masanduku, Orrin alikuja upande wangu wa meza. Katika miaka kumi na minane hakuwahi kuja upande ule. Aliweka raifali juu ya mikanda yangu, kisigino kikiwa wazi, maandishi yanaonekana.

"Bi Ngozi," alisema. "Unaweza kushona kitu cha kuvalisha huko nyuma? Cha kuongeza urefu."

Watu wa pale wangemtoa roho. Kitako cha Rusk kuvalishwa ngozi ni kama kumvika bibi harusi gunia. Nilikuwa na maneno tayari, mazuri, niliyoyatunza tangu siku ya ule mkanda.

"Bamba unarudisha?" niliuliza.

"Rudisha bamba juu ya jina, ngozi juu ya bamba. Skrubu zikae zitakavyokaa."

"Naichafua, Orrin. Hakuna atakayekuja tena kuivulia kofia."

"Novemba naipeleka kwenye mvua. Pima."

Basi nilimpima. Alivua koti mwenyewe, akakunja mkono, akausimamisha mbele yangu, mtu wa miaka sitini na mitatu mwenye mdomo mchafu kuliko wote wilayani, na hakujua macho yake ayaweke wapi. Niliweka futi kwenye kiwiko nikaivuta mpaka kwenye kiungo cha kidole. Alikuwa hatulii, nikalazimika kuushika mkono wake ili nisome.

"Kumi na nne," nilisema.

"Toa kumi na mbili na robo."

"Moja na robo tatu."

Alirudia ile namba kwa sauti ya chini. Kisha akaniambia nisikosee, maana Rusk hakukosea, na kwamba mshono wangu wa ule mkanda ulikuwa mbaya kweli. Nilimwambia avae koti lake atoke mezani kwangu. Bado simpendi. Nilichukua penseli, na kabla sijarudisha lile bamba niliandika kwenye ile mbao nyeupe, chini ya mwandiko wa Rusk: Machi 2009. Orrin W. Stadler. Inchi kumi na nne. Amekua.